Tulichora kanga za hadithi za utotoni, leo za kwetu ndizo zinaitwa feki

Wakuu, nawasalimu nyote mliomo humu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mie huwa msomaji tu. Nacheka na komenti zenu, nafunga simu, naendelea na maisha. Leo nimeona nami niandike, maana nikiendelea kukaa nalo nitaugua.

Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi. Majina nimebadilisha, na yule tajiri wa Kariakoo msinifuate PM nimtaje. Sitamtaja.

Ni ndefu. Asiyependa ndefu kuna nyuzi za mpira kule, hatutagombana.

Mie ni mwanamke, nina mume na binti mmoja, tunaishi Goba. Ila nimekulia Temeke, Mtoni. Baba alikuwa karani, akahamishwa kutoka Singida, tukapanga vyumba viwili jirani na kina Zuhura. Wao wenyeji hasa, nyumba ya babu yao.

Huyu Zuhura ndiye mwenye nusu ya habari hii.

Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Mliosoma shule zetu mnajua, kitabu cha kusoma kimoja, watoto wanne. Chetu kilikuwa kimenyofolewa picha karibu zote, sijui nani alizichana. Yamebaki maneno na matundu.

Basi mie nasoma kwa sauti, Zuhura anachora picha iliyochanwa. Anachora nyuma ya daftari, kwa penseli, anavyodhani ilikuwa. Na watoto wengine walikuwa wanasogea kuangalia picha yake, siyo kusikiliza sauti yangu.

Kulikuwa na hadithi ya punda aliyesafiri kwenda kuomba milia. Ya chura aliyepewa kulinda ndoo ya mvua. Ya konokono aliyealikwa akaja na nyumba yake ili asimsumbue mwenyeji.

Na ile tuliyoipenda kuliko zote, ya mama kanga. Nasema kanga yule ndege mwenye madoadoa. Kicheche, yule mnyama mdogo mla kuku, kajificha kwenye mtama, anasubiri vifaranga wasinzie awabebe. Mama hana silaha wala hana pa kukimbilia, kwa hiyo anaanza kuwasimulia hadithi. Kila kifaranga akianza kusinzia, mama anamwambia, usilale kabla ya mwisho. Anarefusha hadithi mpaka kunakucha, kicheche anachoka, anaondoka.

Ni hiyo tu. Hakuna anayeliwa.

Tulipokua kila mtu akashika njia yake. Mie nikasoma mambo ya graphics, nikapata kazi kwenye duka la uchapaji Mabibo, kule karibu na hosteli za wanachuo. Natengeneza mabango, kadi za harusi, majalada ya ripoti. Zuhura akawa mpambaji. Hina yake ukiiona mkononi mwa bibi harusi unaweza kulia. Aliolewa, akaachika na watoto watatu, akarudi kwa mama yake Mtoni.

Binti yangu alipozaliwa nilitafuta kanga ya kumbebea yenye picha ya kitoto, ya kwetu. Nilizunguka sana. Nikakuta michoro ya maua na korosho, na vitambaa vya watoto vyenye vikaragosi vya nchi za watu.

Nikamwambia Zuhura. Akachukua peni iliyokuwa mezani, akachora mama kanga na vifaranga wake nyuma ya kalenda. Kwa mara moja, bila kufuta.

Nikapiga picha, nikaingiza kwenye kompyuta, nikaisafisha. Hapo ndipo tulipoanza.

Tulifanya ile kazi muda mrefu wakuu. Jumamosi anakuja Goba, Jumapili baada ya ibada mie nakwenda Mtoni. Yeye anachora, mie napanga mchoro ujirudie vizuri na kuchagua rangi. Ile ya mama kanga, pindo tuliifanya kwa nyayo za vifaranga, nyayo ndogondogo zinazozunguka kitambaa chote. Katikati mama amekunjua mabawa. Kwenye kona nne mtama, na ukiangalia vizuri ndani ya mtama unaona macho ya kicheche.

Mama yake Zuhura, Bi Mwajuma, anazo kanga kabati zima na kila moja anajua jina lake na nani alimpa. Alitukuta tunabishana kama tuweke maandishi au tuache.

"Kanga bila jina ni shuka hiyo," akasema. "Watu watalalia."

Kwa hiyo tukaweka. USILALE KABLA YA MWISHO.

Punda tukampa jina lake, chura lake, konokono lake. Kanga nne, hadithi nne. Mume wangu, ambaye si mtu wa kusifia, alizitazama kwenye skrini akasema, "Hizi zitafika mbali." Alisema kweli, ila siyo sisi tuliofika nazo.

(Najua kuna mjuaji ataniuliza hakimiliki ya hizo hadithi. Hadithi zile zilisimuliwa na mabibi kabla hazijaingia kitabuni, na picha hatukunakili ya mtu, za kitabu chetu zilishachanwa. Tuendelee.)

Tatizo likawa kuchapa. Kiwanda tulichokwenda walitusikiliza vizuri, ila kiwango chao cha chini cha oda kilikuwa cha mtu mwenye maghala. Sisi tulikuwa na kabati la Bi Mwajuma.

Hapo ndipo alipoingia tajiri, nitamwita Haji. Mtu wa makamo, mpole, ana duka la jumla Kariakoo, anaagiza kanga na vitenge kutoka nje kwa makontena. Zuhura alimpamba binti yake hina, akamweleza. Akatuita.

Akasema anaweza kuweka kanga zetu kwenye oda yake, sisi tuchukue kidogo tunachoweza. Sharti moja, kiwanda kione sampo kama rangi zinawezekana.

Mie nikajifanya mjanja. Sikumpa faili. Nikamtumia picha moja tu, ya mama kanga, nikaipunguza ikawa ndogo kabisa, ukiikuza inakuwa ukungu. Nikajua hapo hakuna mtu atakayeiba kitu.

Baada ya muda akatuambia, "Wamesema rangi nyingi mno, haiwezekani. Poleni wanangu."

Tukaamini. Kwa nini tusiamini? Alituonea huruma hata nauli ya kurudi akataka kutupa.

Tukapata fundi Kigamboni anayechapa vitambaa kwa mkono, kwa fremu, rangi moja baada ya nyingine. Kazi nzuri ila ya taratibu. Mvua zikaanza, vitambaa haviwezi kuanikwa, anasimama. Tukawa tunasubiri jua. Tulikuwa na furaha lakini, sitadanganya. Tulikuwa tukivuka na pantoni na mzigo wetu mdogo tunajiona wafanyabiashara.

Siku moja niko kazini, Zuhura akapiga simu.

"Eliza, uko wapi?"

"Kazini."

"Umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Niko sokoni Temeke. Kuna mama mbele yangu amejifunga kanga yetu."

Nikafurahi wakuu. Naapa nilifurahi. Nilidhani fundi wa Kigamboni kamuuzia mtu moja ya zile za majaribio. Nikamwambia mpige picha.

Picha ikaja. Mama kanga yupo, mabawa kayakunjua. Kicheche yupo kwenye mtama, tena wamemfanya mkubwa, meno nje. Zile nyayo za vifaranga zimekuwa vimaua, maana kwenye picha yangu ya ukungu hazikusomeka, na aliyekuwa anachora upya huko hakujua ni nyayo.

Na maandishi nayo hayakusomeka vizuri. Kwa hiyo mtu asiyejua Kiswahili, huko aliko, aliona mw-i-kitu, akakisia.

USILALE KABLA YA MWIZI.

Nilisoma mara mbili. Nikafunga mlango wa choo cha ofisini nikakaa mle mpaka bosi akagonga.

Sasa sikilizeni. Ingekuwa imechapwa ikadoda, nisingeandika uzi huu. Ile kanga ilishika mji.

Mnawajua wanawake wa Dar na kanga ya fumbo. Usilale kabla ya mwizi, na picha ya kicheche anachungulia, na mtaani kicheche ni mwanamke mwenye wanaume wengi. Wakaielewa papo hapo kuwa ni kanga ya kumwambia mwenzako chunga mume wako. Wakawa wanatumiana. Unamkuta mtu anaiposti stetasi na haweki neno, mhusika anajijua. Mwingine anaianika makusudi upande wa dirisha la jirani yake.

Hadithi yetu ya watoto ikawa ugomvi wa kugombea wanaume.

Tulikwenda kwa Haji. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Akatupokea, akaagiza soda, akatuuliza habari za nyumbani. Kanga zenyewe zimepangwa nyuma yake mpaka dari.

Mie ndiye niliyeongea. Nikamwambia ametuibia.

Hakukasirika hata kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, bibi yangu mie alinisimulia habari ya kanga na kicheche nikiwa mdogo kuliko wewe. Ni ya kwako hiyo?"

"Hadithi si yangu. Mchoro ndio wetu."

"Mchoro wenu ulikuwa na vimaua?"

"Haukuwa na vimaua."

"Uliandikwa mwizi?"

Yaani makosa yao ndiyo yakawa ushahidi wao.

Akaendelea kwa upole ule ule, "Nyie mna kipaji. Acheni kusumbuka na fremu. Nichoreeni nyingine, mie nalipa mchoro, mnakwenda zenu. Mambo ya kontena na bandari niachieni."

Nikasimama nikatoka. Zuhura alichelewa kidogo kutoka. Sikulitilia maanani siku hiyo.

Kaka yangu akanikutanisha na wakili anayefahamiana naye. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama mchoro tuliusajili kabla ya kumpa mtu. Hatukusajili. Akasema kesi inawezekana, ila itachukua miaka, na yule ana uwezo wa kuivuta kuliko mie. "Nisikudanganye dada," akasema. Nilimshukuru kwa hilo.

Tukaamua basi tutoe zetu tu, watu waone tofauti. Fundi alishamaliza mzigo wa kwanza. Zilikuwa nzuri, wakuu. Rangi imekaa, nyayo zinahesabika, nguo nzito inayoshika mwili. Nikapanga meza nje ya duka Mabibo, bosi aliniruhusu.

Mteja wa kwanza alikuwa dada mmoja, mchangamfu, kabeba mfuko wa nyanya. Akaishika kanga, akaifungua, akaisoma. Akaikunja tena taratibu.

"Dada, hii feki," akaniambia kwa sauti ya chini, kama anayenisitiri nisiaibike. "Orijino imeandikwa mwizi."

Nikamweleza. Nikamweleza habari yote, shule, kitabu, Zuhura, mvua ya Kigamboni. Akanisikiliza hadi mwisho, akaisoma tena.

"Sasa mwisho wa nini?" akauliza.

Nikaanza kumsimulia ya vifaranga. Nilipofika katikati nikaona anaangalia nyanya zake. Akaniambia atapita kesho.

Waliofuata hawakuwa wapole hivyo. Kuna aliyesema siku hizi wanaoigiza hata kunakili maandishi kunawashinda. Wenzake wakacheka. Kuna aliyenipiga picha, akaniweka kwenye grupu lao, jihadharini na kanga feki Mabibo. Nililetewa na mtu wa ofisini kwetu hiyo picha, nimesimama nyuma ya meza yangu nimetabasamu.

Nikakunja meza.

Zuhura alikuja Mtoni... samahani, mie ndiye niliyekwenda Mtoni, hata kuandika kunanichanganya. Nilimkuta uani anachagua mchele. Nikamsalimia Bi Mwajuma, shikamoo mama, akaitikia akaingia ndani haraka. Hapo nikajua kuna jambo.

"Nimekubali," Zuhura akasema. Hakuinua uso.

"Umekubali nini?"

"Kumchorea Haji."

Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu.

"Shoga yangu, wewe una mume na una ajira," akasema. "Mie nina watoto watatu, na hina ni ya msimu. Mfungo ukiingia hakuna harusi, nakaa naangalia mikono yangu."

"Na hadithi zetu je?"

"Tulizisoma tuna njaa, Eliza. Umesahau? Tulikuwa tunazisoma tuna njaa."

Sikusahau. Nikamwomba kitu kimoja. Punda, chura na konokono asimpe. Hata akimchorea mengine yote ya dunia, hayo matatu asimpe.

"Siwezi kumpa hayo," akasema. "Mungu shahidi."

Nilimwamini, na nadhani siku ile naye alikuwa anasema kweli.

Punda alitoka kabla mwaka haujaisha. Nilimwona Kariakoo, amening'inia mlangoni kwenye duka la rejareja. Huyo hakuchorwa na mtu wa nje kutoka kwenye picha ya ukungu. Yule punda alikuwa na kope zake zote, masikio yamelala nyuma kidogo kama anayeona haya kuomba milia. Mkono ule naujua kuliko ninavyoujua mkono wangu.

Jina walikuwa wamebadilisha. Waliandika maneno ya kumtukana mwanamke anayejipendekeza kwa watu wasiomtaka. Punda wetu akawa yeye.

Nilimpigia Zuhura simu, hakupokea. Nikampigia tena siku nyingine, ikawa haipatikani. Sijaenda Mtoni tena.

Watu wananiambia nimchukie. Nimejaribu. Nikimfikiria namwona yule mtoto aliyekuwa anajaza matundu ya kitabu chetu, nashindwa kumchukia, na nashindwa kumsamehe vilevile. Nimekwama hapo.

Lililonimaliza ni la juzijuzi.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, anaolewa. Kitchen party ikafanyika Goba, mchana wa Jumamosi. Kamati ikachagua sare bila mie kuwepo, nilikuwa kazini. Mama mkwe akaniletea ya kwangu nyumbani mwenyewe, kaikunja vizuri, na uzi wa kushonea pembeni.

Usilale kabla ya mwizi.

Mama mkwe hajui chochote, wakuu. Hatukuwahi kumweleza ya michoro, tulisubiri zifanikiwe kwanza. Alikuwa anatabasamu. "Hii ndiyo inayovuma," akaniambia. "Nimepambana kuipata."

Ningesema nini? Nikasema asante mama.

Nikaivaa. Nimekaa kiti cha mbele kabisa, mawifi wote tumevaa, ukumbi mzima macho ya kicheche. MC akasema kabla hatujaanza kumfunda bibi harusi tusome kwa pamoja kanga zetu, mtoto asikie wosia wa mama zake. Wakasoma. Mie nami nilifungua mdomo, yakatoka machozi. Shangazi mmoja akanipa tishu, akanipapasa mgongo, akadhani namlilia wifi.

Nikarudi nayo nyumbani, nikaifua, nikaianika. Huwezi kuitupa sare ya wifi yako.

Binti yangu yuko darasa la kwanza sasa, yupo kwenye hatua ile ya kuunga silabi. Anasoma kila kitu, mabango, pakiti za chumvi. Alikuwa anacheza uani. Nikamsikia anasoma kamba ya nguo, kidole hewani.

"U-si-la-le. Ka-bla. Ya. Mwi-zi."

Akarudia kwa mkupuo mmoja, safi kabisa. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima bila kusaidiwa. Akageuka kunitazama, anasubiri.

Nikampigia makofi. Nikamwambia umeweza mama, umesoma vizuri sana.

Ndiyo hali yangu wakuu. Mzigo wetu uko stoo, sijui niufanyie nini. Chura na konokono bado wamo kwenye kompyuta, kila nikifungua naona ni suala la muda tu watoke na wao. Kuchora sichori. Natengeneza mabango ya watu, narudi nyumbani.

Kama kuna mtu humu anabuni vitambaa, au chochote cha mkono wake, achukue haya. Sajili kwanza ndipo uonyeshe, hata picha ndogo, hata yenye ukungu. Na rafiki yako mliyeanza naye, wekeni maandishi mapema, wakati bado mnacheka. Sisi tuliona aibu kuandikishana, tukaona watu wa dawati moja wataandikishana nini. Na jueni hata ukifanya yote hayo, mtu akishazoea kosa, ukweli wako ataurudisha mezani akuambie feki.

Nakaribisha maoni yenu. Ushauri wa kesi nimeshaupata, asanteni. Ila kama kuna aliyewahi kupoteza kitu na mtu kwa pamoja, aniambie kipi kilichukua muda zaidi kuacha kuuma. Na wa kutukana watukane tu, nitasoma zote.